Kiti cha kulia nacho kina mtu

Juzijuzi tulikaa na marubani wenzake mume wangu, mmoja akasema kwa kujiamini kabisa kwamba mke wake akipanda ndege anamwambia kitu kimoja tu: funga mkanda, nyamaza, hali ya hewa niachie mimi. Watu wakacheka. Mimi nilishindwa kucheka na siku ya nne hii bado linanikaa rohoni, ndo maana naandika.

Mimi siyo rubani. Leseni anayo mume wangu, tunaruka na ndege ndogo ya injini moja ya viti vinne, na kiti cha mkono wa kulia, pembeni ya rubani, nimekikalia zaidi ya miaka kumi sasa. Ninachosema ni hiki: mwenzi wako akisema "turudi", geuza. Geuza kwanza, maswali baadaye. Kama ni kubishana mtabishana mkishatua.

Najua mtasema kuna wanaoogopa kila mtikisiko, na mimi mwanzoni nilikuwa hivyo hivyo, kawingu keupe tu ka mchana kakiturusha kidogo nashika mlango. Haya, mmesema kweli. Lakini mkirudi bure mmepoteza nini? Mafuta na nusu siku.

Kuna alasiri moja tulikuwa tunarudi nyumbani, mbele yetu mawingu mawili ya radi, na katikati yake uwazi mzuri tu, unaona mwanga upande wa pili. Tableti nimeishika mimi, picha ya rada inaonyesha wekundu, yaani mvua kali, kushoto na kulia, katikati kijani kidogo, mvua nyepesi, na pembeni imeandika picha ina dakika 5. Mume wangu akaelekeza ndege pale pale. Mimi nikaacha tableti nikatazama nje, nikaona lile wingu la kushoto linafura juu kama maziwa yanayotaka kumwagika, chini yake giza la bluu, na radi inamulika ndani kwa ndani bila sauti kwa sababu tumevaa hedifoni. Kisha nikatazama mkono wake. Siku zote anashika usukani kwa vidole viwili, siku ile kaukaba kwa kiganja kizima. Na redio ilikuwa imeita namba ya ndege yetu mara mbili hajaitika, yeye ambaye huwa anajibu kabla hawajamaliza kuongea.

Nikamwambia, "Baba, turudi."

"Pale pana njia mama, dakika kumi tu tumepita."

"Turudi."

Akageuza. Nikawa nachungulia nyuma kila mara, na robo saa haijaisha ule uwazi ulikuwa umeziba, ukuta mmoja wa kijivu kutoka juu mpaka chini.

Sasa ile "dakika 5" ya kwenye tableti ndo naomba muielewe vizuri. Ni umri wa picha iliyounganishwa, siyo umri wa mvua yenyewe. Rada inapiga kwanza, halafu data zinakusanywa, zinaunganishwa, zinarushwa, ndo zikufikie. Wachunguzi wa ajali wa Marekani, NTSB, walishaonya tangu 2012 kwamba unachokiona kinaweza kuwa kimepitwa kwa dakika 15 mpaka 20 zaidi ya inavyoandikwa pale. Picha hiyo ni ya kupangia njia ukiwa bado mbali, kupenyea katikati ya mawingu usithubutu. Marubani wanafundishwa kukaa angalau maili 20 kutoka kwenye wingu kali la radi, kwa hiyo kupita kati ya mawili unahitaji maili 40. Na siyo umbali wa kutishana tu, mvua ya mawe inaweza kukupiga ukiwa kwenye hewa safi kabisa, nje ya wingu, chini ya kile kichwa chake kilichotanda kama fuawe.

Halafu neno "turudi" lina muda wake. Ukishaingia ndani, ushauri ni kunyoosha moja kwa moja mpaka utoke, kwa sababu kugeuza katikati ya msukosuko kunaongeza mzigo kwenye mabawa. Mke aliyeambiwa anyamaze atasema lini basi? Atasema wakati kugeuka kwenyewe kumekuwa hatari!

Na msiniambie uzoefu. Scott Crossfield ndiye binadamu wa kwanza kuruka mara mbili ya kasi ya sauti, mwaka 1953. Aprili 2006 alikufa kwenye Cessna 210 ndani ya wingu la radi, jimbo la Georgia, Marekani, akiwa peke yake. Hakuwa amechukua taarifa mpya za hali ya hewa akiwa njiani, na muongoza ndege naye hakumwambia. Sisemi mtu pembeni angemwokoa. Nasema wingu haliulizi umeruka masaa mangapi maishani.

Rubani anayetaka kufika, mwili uko angani akili imeshafika nyumbani. Mimi sina cha kuendesha, nina macho tu, na macho hayo ni ya bure. Wakati wa kutua nanyamaza, akiongea na mnara nanyamaza, hilo nakubali. Na redio nimejifunza, 121.5, masafa ya dharura, naijua kwa kichwa. Kabla ya kuwasha injini siku hizi ananiuliza "Ukisema?" namjibu "Tunarudi", ndo anawasha.

Mke wa yule bwana alikuwepo pale mezani. Tunatoka akanivuta mkono, akaniuliza taratibu, "Dada, sasa mimi nitajuaje kama ni hatari kweli au ni woga wangu tu?"

Nikamwambia usisubiri kujua, we sema mapema.

Jumamosi wanaruka. Leo asubuhi nimemwandikia meseji kumkumbusha.