Kadi ya ATM inakaa kwa mwenye duka

Kila nikisikia mtu anasema wakimbizi wa kambi ya Kakuma, hapa Turkana, Kenya, tayari wamefikiwa na benki ati kwa sababu wana akaunti, natamani nimpeleke sokoni aone hizo kadi za ATM zinakaa wapi. Zinakaa kwa droo ya mwenye duka. Zimefungwa na raba, kila moja imebandikwa kipande cha plasta chenye jina, na PIN imeandikwa kwa daftari la madeni. Siku pesa ya WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, ikiingia, kijana wa duka anabeba kadi zote anaenda kwa ajenti anatoa moja baada ya nyingine, mwenye akaunti akiona mesej ya benki pesa ishatoka zamani, anaambiwa tu deni limebaki ngapi na leo anaweza kubeba unga kiasi gani.

Sasa msikimbilie kumtukana mwenye duka. Huyo jamaa, awe Msomali, Muethiopia ama Mkongomani, ndiye benki ya ukweli hapa. Anakopesha mtu hana shamba, hana payslip, hana mdhamini, na chakula kikichelewa wiki mbili ni yeye watu wanamwendea, si meneja wa benki. Anajua nani hulipa na nani msumbufu. Shida ni kwamba ukishaacha kadi kwake umefungwa: huwezi kuhama duka, huwezi kubishana bei, na riba haiandikwi popote, iko ndani ya bei ya mchele. Jirani yako akija na keshi ananunua huo huo mchele rahisi kukuliko.

Nikumbushe tulikotoka. 2015 WFP walileta Bamba Chakula, msaada unaingia kwa laini ya Safaricom lakini unaweza kuutumia tu kwa maduka yaliyosajiliwa. Baadaye kule Kalobeyei, makazi ya wakimbizi karibu na Kakuma, wakaanza kuweka pesa taslimu kwa akaunti za benki ya Equity, mtu anunue anachotaka, na hiyo ilikuwa hatua kubwa, sibishi. Lakini akaunti ilifunguliwa ili msaada upite, basi, ni kama bomba la maji, kazi yake ni kupitisha. Mwenye akaunti akitaka kitu cha zaidi, tuseme mkopo wa shilingi elfu kumi anunue friji ya kuuza soda (na hili jua la Turkana hiyo biashara haiwezi kukosa wateja), anaambiwa hapana, ama anaambiwa arudi kesho, na kesho yenyewe haifiki.

Na msiniambie hakuna biashara. IFC, tawi la Benki ya Dunia la biashara binafsi, walipima uchumi wa Kakuma wakatoa ripoti 2018, wakasema ni kama shilingi bilioni 5.8 kwa mwaka na maduka zaidi ya 2,000. Kuna watu wanaagiza mizigo kwa lori kutoka Eldoret na Nairobi. Hizo pesa zinazunguka kwa hawala, yaani kutumiana pesa kupitia mawakala bila benki, kwa ayuuto ya akina mama wa Kisomali na likilimba ya Wakongo, ambazo ni kama chama cha kuchangiana kwa zamu, na kwa M-Pesa ya laini ambayo mara nyingi imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine kabisa. Siku huyo mtu mwingine akihama ama mkikosana, akiba yako imeenda naye!

Hapo kwa jina ndipo kuna kazi. Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na biashara. Kwa karatasi iko sawa kabisa. Enda sasa kaunta. Kuna jamaa namjua alienda na kitambulisho chake cha mkimbizi, kiko valid, karani anamwambia mfumo haukisomi, ajaribu tawi la Lodwar. Hiyo ni zaidi ya kilomita mia moja, na mkimbizi hatoki kambini bila ruhusa ya kusafiri. Sasa aende na nini? Hustler Fund nayo, ile mikopo midogo ya serikali kwa simu, ilipokuja Novemba 2022 ilikuwa ya mwenye kitambulisho cha Mkenya, kwa hivyo hiyo pia anaiangalia tu.

Lakini pia wenyeji wasisahaulike manake hapo ndipo chuki huanzia. Mama Mturkana anatembea na makaa kichwani hadi kambini, analipwa kwa unga ama mahindi, na ukimuuliza kuhusu akaunti anacheka. Wengi hawana hata kitambulisho cha taifa, na ni Wakenya kwao! Mali yao ni mbuzi na benki haijui kukopesha juu ya mbuzi. Ukileta mkopo wa wakimbizi peke yao utasikia kelele, na itakuwa kelele ya haki.

Mimi naona dawa iko kwa lile daftari. Mtu amekopa na kulipa duka moja miaka mitatu mfululizo, hiyo si historia ya mkopo ni nini? Wenye benki wakae na wenye maduka, waanze na elfu tano, mkimbizi na Mturkana mlango mmoja, riba iandikwe mahali inaonekana na kadi ibaki mfukoni mwa mwenyewe. Wakisema watu watatoroka, Kiva, shirika linalochangisha mikopo midogo mtandaoni, wamekopesha wakimbizi nchi kadhaa na wanalipa karibu sawa na watu wengine tu. Na hii haiwezi kungoja, manake 2025 msaada ulipunguzwa vibaya, na pesa ya WFP ikipungua hata ile kadi kwa droo inapoteza thamani, mwenye duka anaanza kukataa kukopesha. Shirika Plan, mpango wa serikali wa kuwaingiza wakimbizi kwa maisha ya wenyeji, imezinduliwa Machi 2025 na imejaa maneno ya kujitegemea. Sawa, nataka kujua tu huo mtaji wa kujitegemea utatolewa kaunta gani, na kwa kitambulisho gani.