Chai ya mboji haitaki bomba la dawa

Wanaoanza kutengeneza chai ya mboji, yaani maji yaliyolowekwa mboji ili yabebe vijidudu vyenye faida kwa udongo, huniuliza wanunue bomba gani la kuimwagia. Kama lengo ni kulisha udongo na si kupulizia majani, mimi nasema anza na keni ya kumwagilia.

Bomba la mgongoni la lita 16 limeundwa kwa ajili ya viuatilifu. Nozeli yake huyapasua maji yawe matone madogo, ili dawa kidogo ienee kwenye majani mengi. Udongo hauna haja hiyo. Unataka chai izame hadi kwenye mizizi, ilhali ukungu ule wa matone hubaki juu ya tuta, jua likaukausha pamoja na vijidudu ulivyovihangaikia. Halafu nozeli ya kawaida hutoa lita moja au pungufu kwa dakika, kwa hiyo utapiga pampu robo saa na zaidi kumwaga kile ambacho keni mbili zinakimaliza upesi.

Eneo likiwa kubwa, sawa, bomba lina nafasi yake. Lakini hapa sitanii: liwe jipya, lisiwe limewahi kubeba dawa ya magugu. Dawa kama 2,4-D hung'ang'ania kwenye mpira na washa, na nyanya huumia kwa kiasi kidogo mno. Majani machanga hujikunja na kusokotana, na mkulima hudhani ni virusi. Kusuuza kwa maji matupu hakutoshi. Andika "CHAI TU" ubavuni kwa rangi ya mafuta, maana bomba la nyumbani huazimwa na majirani, na huwezi kujua litarudi limebeba nini.

Dukani, mwombe muuzaji afungue nozeli uione. Tundu liwe pana. Nyuma yake mara nyingi kuna kichujio kidogo cha wavu. Kwa kazi hii kitoe, kwa sababu ndicho kinachoziba kwanza. Uchujaji ufanyike kabla chai haijaingia kwenye tangi, kwa leso iliyochakaa iliyokunjwa mara mbili. Ukipata bomba la diaframu (linalosukuma kwa utando wa mpira), lichague hilo kuliko la pistoni (linalosukuma kwa mche unaopanda na kushuka): chembe za mboji zinazopenya husaga mpira wa pistoni, na bomba huanza kuvuja mgongoni. Bomba la injini silipendekezi kabisa kwa bustani ya nyumbani. Ni gharama na kelele kwa kazi ya keni.

Unaweza kuwa na kifaa kizuri na bado ukaharibu chai kwa maji. Maji ya mfereji yenye klorini yakae wazi kwenye ndoo siku nzima kabla ya kuyatumia. Mwagilia jioni, kwenye udongo wenye unyevu, siku hiyohiyo chai ilipoiva. Mchicha na mboga zinazoliwa mbichi usizimwagie majani. Elekeza chini, shinani. Ukimaliza, osha tangi, mpira na nozeli papo hapo. Chai iliyolala humo hutengeneza utando unaoteleza na kunuka, nao ukishakauka ndani ya nozeli, hata sindano haiutoi.