Kidonge cha iodini si hirizi

Neno nyuklia likitajwa kwenye taarifa za vita, jumbe za WhatsApp huanza kuzunguka: meza iodini, ongeza chumvi, weka mwani ndani. Nyingi zina chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo inayozifanya ziwe za hatari.

Tezi ya thairoidi, ile iliyo shingoni chini ya koo, hufyonza iodini kutoka kwenye damu ili itengeneze homoni. Haina uwezo wa kutofautisha iodini ya chumvi na iodini-131 inayovuja kwenye kinu cha nyuklia kilichoharibika. Zote huzipokea, na ile ya mionzi ikishaingia huiunguza tezi kwa ndani. Kidonge cha potasiamu iodaidi huijaza tezi mapema. Iodini-131 inapofika inakuwa kama abiria aliyekuta matatu imejaa jioni pale Buxton, Mombasa: itabidi ipite njia ya figo, itoke na mkojo. Basi. Hakizuii vitu vingine vya mionzi kama seziamu-137 na strontiamu, wala mionzi inayokupiga kutoka nje. Anayekiita "dawa ya mionzi" amekipa sifa isiyo yake.

Kosa kubwa liko kwenye vipimo. Mtu mzima huhitaji takriban maikrogramu 150 za iodini kwa siku. Kuziba tezi kunataka miligramu 100 za iodini kwa mkupuo mmoja, yaani kidonge cha potasiamu iodaidi cha miligramu 130. Hiyo ni zaidi ya mara 660 ya mahitaji ya siku. Kwa hiyo vidonge vya virutubisho vya maikrogramu 150 havikingi chochote, labda umeze mia sita na kitu. Chumvi nayo, tuseme ina miligramu 40 za iodini kwa kilo: ungelazimika kula kilo mbili na nusu, na chumvi yenyewe ingekuua mapema. China mwaka 2011, baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Fukushima, Japani, watu waligombania chumvi madukani. Hata wakipakia chumvi yote ya Gongoni na Marereni, kwenye mashamba ya chumvi ya Kilifi, hesabu haitabadilika. Mwani wa Kibuyuni ni biashara nzuri kwa kina mama wa Kwale, lakini iodini yake hubadilika kwa aina, kwa bahari na kwa namna ulivyoanikwa, na dozi haikadiriwi kwa gao la mkono. Iodini ya kupaka kidonda hainywewi kabisa; ni sumu tumboni.

Saa nazo zina hesabu yake. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kidonge kimezwe ndani ya saa 24 kabla mionzi haijafika, au hadi saa mbili baada ya kufika. Hadi saa nane bado kina faida. Zikipita saa 24 tangu mionzi iingie mwilini, kumeza kunaweza kudhuru kuliko kusaidia, kwa sababu iodini-131 iliyokwisha ingia kwenye tezi hubaki humo muda mrefu zaidi. Dozi moja hukinga kama siku nzima. Ndiyo maana kumeza kila asubuhi "kwa tahadhari" ni upuuzi: unaiumiza tezi kwa miezi ukingoja wingu ambalo halijulikani litakuja lini.

Dozi hupungua kwa umri. Waliopita miaka 12, miligramu 130. Miaka 3 hadi 12, miligramu 65. Mwezi mmoja hadi miaka 3, miligramu 32. Mtoto aliyezaliwa chini ya mwezi, miligramu 16 mara moja tu. Kukata robo ya robo ya kidonge kwa kisu cha jikoni hakufai. Kisage kidonge cha 130 kati ya vijiko viwili, utie vijiko vinne vya chai vya maji (kijiko kimoja ni mililita 5), ukoroge mpaka kiyeyuke, kisha uongeze vijiko vinne vya juisi ya machungwa au soda iliyotoka gesi, maana ladha yake ya chumvi chungu mtoto ataitema. Sasa kila kijiko kina miligramu 16: kichanga kijiko kimoja, mdogo wa chini ya miaka mitatu viwili, wa miaka mitatu hadi 12 vinne. Kwenye friji mchanganyiko huo hukaa siku saba.

Nani atangulie? Watoto, wajawazito na wanaonyonyesha, bila mjadala. Mlipuko wa kinu cha Chernobyl, Ukraine, mwaka 1986 ulionyesha hivyo: saratani za thairoidi zilizofuata Ukraine, Belarus na Urusi ziliwapata hasa waliokuwa watoto, na njia kuu ilikuwa maziwa ya ng'ombe waliokula majani yaliyoangukiwa na iodini-131. Poland ilianza kugawa iodini siku chache baada ya mlipuko, na watoto zaidi ya milioni kumi wakapata. Mtu wa miaka 55 anayegombania kidonge na mjukuu wake hajaelewa: tezi yake haina hatari kubwa ya saratani hii, ila ndiyo iliyo rahisi kuvurugika kwa dozi kubwa, hasa kama ana goita (uvimbe wa tezi) yenye vinundu. Moyo utaanza kwenda mbio, atakonda, mikono itatetemeka. Kichanga naye tezi yake inaweza kulala, isitengeneze homoni za kutosha, kwa hiyo hupimwa damu baadaye. Na yule anayevimba akila kamba au kaa asiogope kidonge kwa sababu hiyo; kinachomdhuru ni protini ya kamba, si iodini.

Jumbe hizo huchanganya pia bomu na ajali ya kinu. Kwenye bomu, adui wa kwanza ni vumbi la mionzi linalopiga mwili kutoka nje, na ukuta mnene wa matumbawe wa Mji wa Kale wa Mombasa ungekufaa kuliko pakiti nzima ya vidonge. Vumbi hilo hupoa haraka: baada ya saa saba nguvu yake ni kama sehemu ya kumi, baada ya siku mbili sehemu ya mia. Ungebaki ndani.

Je, mtu wa Mombasa anunue vidonge leo? Mimi nasema hapana. Kinu cha Koeberg, Afrika Kusini, kiko kama kilomita 4,000; Barakah ya Falme za Kiarabu ni zaidi ya 3,000. Kidonge kikikaa bila pakiti yake ya foili kwenye unyevu wa Likoni au Kisauni hugeuka manjano, iodini ikitoka. Pesa hizo bora umpimishe mama mwenye uvimbe shingoni.

Ila Uyombo, kijiji cha pwani huko Kilifi, ni habari nyingine. Watu waliandamana mwaka 2024 kupinga kinu cha nyuklia kilichopangwa kujengwa pale, na hata kikihamishiwa kwingine, Siaya inayotajwa au popote, maswali ni yale yale. Uswisi hugawa vidonge nyumbani kwa walio ndani ya kilomita 50 za kinu kabla ya ajali yoyote. Kipimo hicho kingezikusanya Watamu, Malindi na Kilifi mjini. Mombasa ingebaki nje, lakini wingu halisomi ramani: wakati wa kusi lingesukumwa kaskazini, wakati wa kaskazi lingeshuka kufuata pwani mpaka kwetu. Kwenye baraza za wananchi huulizwa habari za ajira na fidia tu. Ningependa mtu asimame aulize vidonge vya watoto wa shule za Matsangoni vitakaa kabati gani, ufunguo nani atakuwa nao saa nane za usiku, na nani atamwambia mfugaji wa mbuzi asiuze maziwa kwa siku 80, maana iodini-131 hupungua nusu kila siku nane na mbuzi huipitisha kwenye maziwa kuliko ng'ombe.