OpenVMS: Uaminifu wa Upande Mmoja?

Juni 2001 kampuni ya Compaq ilitangaza kwamba itaachana na Alpha, chipu iliyokuwa ikitumiwa na OpenVMS, mfumo endeshi (programu kuu inayosimamia kompyuta nzima), na kwamba wateja watahamishiwa Itanium, chipu ya Intel. Haikupita miezi mitatu, mashambulizi ya Septemba 11 yakaikuta benki ya Commerzbank mjini New York ikiwa jirani kabisa na minara iliyoanguka. Vipoza hewa vilizimika, diski za pale ofisini zikaanza kushindwa kwa joto na vumbi, lakini klasta ya OpenVMS, yaani kompyuta kadhaa zilizounganishwa zifanye kazi kama moja, iliendelea na kazi kwa kutumia diski zilizokuwa Rye, karibu kilomita 50 kutoka hapo. Seva zilizostahimili siku ile zilikuwa za Alpha, na hukumu ya chipu hiyo ilikuwa imeshatolewa.

Wapenzi wa mfumo huu hukisimulia kisa hicho kuonyesha ubora wake, na wana haki. Ila kinaonyesha pia kwamba mtambo unaweza kuwa bora na mwenye nao akawa hana mpango nao. Wateja wengi wa OpenVMS wamekaa miaka wakijifariji na ubora wa mtambo kila walipotilia shaka nia ya mwenyewe.

VMS, jina la awali la OpenVMS, ilizaliwa kampuni ya Digital Equipment Corporation (DEC) huko Massachusetts, ikiwa mfumo wa kompyuta ya VAX-11/780 iliyotangazwa Oktoba 1977. Enzi zake DEC ilikuwa kampuni ya pili ya kompyuta kwa ukubwa, nyuma ya IBM. Dave Cutler, mmoja wa wabunifu wakuu wa VMS, alihamia Microsoft mwaka 1988 akaongoza ujenzi wa Windows NT. Mwaka 1998 Compaq iliinunua DEC kwa dola bilioni 9.6, kisha 2002 kampuni ya HP ikaimeza Compaq. Nyumba iliuzwa mara mbili wapangaji wakiwa ndani.

Mbona hawakuhama? Anayeuliza hivyo mara nyingi hajawahi kuutumia. Chukua jambo dogo tu: ukihariri faili RIPOTI.TXT;4, yaani toleo lake la nne, mfumo hauifuti ile ya zamani. Unatengeneza RIPOTI.TXT;5, na ya nne inabaki palepale. Ukiandika DELETE RIPOTI.TXT bila kutaja namba ya toleo, unakataliwa. Zikirundikana, amri ya PURGE inaondoa za nyuma na kubakiza ya mwisho. Aliyewahi kufuta kazi ya wiki nzima kwa kidole kimoja kwenye Unix, mfumo endeshi mwingine, anajua thamani ya ukaidi huo. Halafu kuna klasta zenyewe: tangu miaka ya 1980 kompyuta kadhaa ziliweza kutumia diski zilezile kwa pamoja bila kuharibiana rekodi, na fundi akazima moja kuiwekea toleo jipya huku nyingine zikihudumia watu. Ndiyo maana reli za India ziliujenga mfumo wao wa kukata tiketi juu yake.

Gharama ya kuhama nayo si ya mchezo. Programu za COBOL na Fortran, lugha kongwe za kuandikia programu, zilizoandikwa kwa miaka 30 zimebeba taratibu za kazi ambazo hazipo kwenye karatasi yoyote, na walioziandika wamestaafu. Soko la hisa la Frankfurt lilihamishia biashara yake kwenye mfumo wa Linux, lakini lile lina uwezo wa kifedha na jeshi la wahandisi. Kiwanda cha kawaida hakina.

Tuwape wamiliki haki yao pia. Compaq iliahidi OpenVMS itafika kwenye Itanium, wengi wakacheka, na mwaka 2005 HP ikatoa toleo 8.2 la kufanya kazi hiyo. Ahadi ilitimizwa. Tatizo ni kwamba waliahidi kuwapandisha wateja kwenye jahazi lililokuwa likizama lenyewe, kwa sababu Itanium haikuwahi kupata soko ambalo ilitarajiwa kulipata.

Kinachonikera zaidi ni mwenendo wa HP baada ya hapo. Machi 2011 kampuni ya programu ya Oracle ilitangaza kuacha kutengeneza programu zake kwa ajili ya Itanium. HP ikaenda mahakamani California, ikidai kwamba Oracle ina wajibu wa kuendelea, na Agosti 2012 jaji akakubaliana nayo. Miaka minne baadaye baraza la wazee wa mahakama likaipa fidia ya dola bilioni 3. Sasa, haukupita mwaka tangu uamuzi wa jaji, Juni 2013, HP hiyohiyo ikawaambia wateja wa OpenVMS kwamba mfumo wao hautapelekwa kwenye chipu mpya za Itanium, na kwamba huduma ya kawaida itakoma 2020. Kisheria ni mambo mawili tofauti. Kwa mteja aliyekuwa akisoma magazeti, yalifanana mno.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema wateja walisalitiwa tu. Kampuni ikijua kwamba mteja hawezi kuhama, haina sababu ya kumbembeleza. Atalipa ada ya matengenezo mwaka hadi mwaka, tangazo liwepo lisiwepo, chipu mpya iwepo isiwepo. Kila shirika lililosema hadharani "hatuna pa kwenda" lilikuwa likimwambia muuzaji kwamba fedha za maendeleo azipeleke kwingine. Uaminifu usio na masharti ulichangia kuukausha mfumo wenyewe.

Hata hivyo, HP haikuuzika mfumo huu kama ilivyofanya kwa HP 3000, aina nyingine ya kompyuta zake, ambayo iliitangazia kifo Novemba 2001. Julai 2014 iliipa leseni kampuni ndogo ya VMS Software (VSI) iendeleze kazi, na mwaka 2022 VSI ikatoa toleo 9.2 la chipu za kawaida za x86, jambo ambalo HP yenye mabilioni haikulifanya. Kampuni inayoishi kwa bidhaa moja ina sababu ya kuishughulikia. Lakini ikiyumba, hakuna idara nyingine ya kuibeba. Na mwaka 2024 VSI ilibana leseni za bure za wapenzi: za Alpha na Itanium zikasitishwa, ikabaki mashine pepe (kompyuta ya kuigizwa ndani ya nyingine) ya x86 iliyofungashwa tayari. Naelewa kwamba timu ndogo ilielemewa na maombi. Ila sioni kijana wa leo atajifunzia wapi mfumo huu kama mlango huo unazidi kuwa mwembamba.

Kwa aliye na Itanium leo, kubaki vilevile hakuwezekani, maana Intel iliacha kuzisafirisha Julai 2021 na vipuri sasa ni vya mitumba. Kwenda x86 kwa kawaida ni kukompaili programu upya, yaani kuigeuza iwe katika lugha ya chipu mpya, na hilo linadai msimbo wa chanzo, maandishi ya awali ya programu. Mashirika mengine hayanao tena. Yana programu inayofanya kazi tu. Hao watabaki na kutafuta njia ya kuiga mashine ya zamani juu ya mpya, na kwao mjadala wa kumwamini VSI au kutomwamini ulishaamuliwa siku kanda za chanzo zilipopotea.