Miwani ya polisi na kipigo cha umati: "Pua" ya Gogol jukwaani

Katika "Pua", hadithi fupi ya Nikolai Gogol iliyotoka mwaka 1836 katika Sovremennik, jarida la mshairi Pushkin, yumo polisi mwenye macho mabovu. Amemnasa bwana mmoja akipanda gari la farasi kwenda Riga, hati ya kusafiria ikiwa na jina la ofisa fulani. Polisi anavaa miwani, anatazama tena: kumbe si bwana, ni pua. Anaitoa mfukoni, imefungwa kwenye karatasi, anamkabidhi mwenyewe, Kovalyov, ofisa wa Petersburg ambaye pua yake ilimtoroka ikawa inazurura mjini kama bwana. Imekuwaje mtu mzima akaenea mfukoni? Gogol hasemi.

Dmitri Shostakovich, mtunzi wa muziki wa Urusi aliyeanza kuitungia hadithi hiyo opera (mchezo wa kuimbwa) mwaka 1927 akiwa na miaka 20, hakuridhika na miwani. Katika opera yake, iliyopanda jukwaani Leningrad (jina la Petersburg wakati huo) Januari 1930, polisi na umati wanaivamia pua kituoni na kuitwanga mpaka inanywea, inarudi kuwa pua ya kawaida. Mgogoro mzima kati ya hadithi hii na wanaoiigiza naona umekaa hapo, kati ya miwani na kipigo.

Wanaoitetea hadithi ibaki kitabuni wana hoja nzito. Kovalyov anapoifuata pua yake hadi kanisani, anaikuta imevaa sare yenye nakshi za dhahabu, na upanga kiunoni. Imeficha uso wote ndani ya kola, inasali kwa unyenyekevu. Akiisemesha, inakunja nyusi. Pua yenye nyusi! Sentensi inaweza kubeba jambo hilo bila kutetereka, kwa sababu msomaji halazimiki kuona chochote. Jukwaa halina bahati hiyo. Fundi wa mavazi lazima aamue: je, ni mtu mwenye pua kubwa, au ni pua yenye miguu? Akishaamua, kicheko kinahama. Ukumbini tunaicheka pua. Kitabuni tunawacheka watu wa Petersburg, ambao wameona sare na hawakuuliza uso uko wapi. Ndiyo maana Gogol anahangaika sana na vyeo: Kovalyov ni ofisa wa daraja la 8, cheo alichokipatia Kaukazi, na hupenda kuitwa Meja, pua yake ina daraja la 5, lililo juu zaidi. Anaiogopa. Anaisemesha kwa adabu kama mtu anayeomba barua ya utambulisho, nayo inamjibu kwamba amekosea, na kwamba kwa vifungo vya sare yake, yeye ni wa idara nyingine.

Ila sikubaliani na wanaosema kwamba ubwege huu, upuuzi wa makusudi, haukuwa na meno mpaka wasanii wa karne ya 20 walipoupachika. Mdhibiti wa machapisho wa serikali aliyaona meno hayo mapema: mkutano wa kanisani haukuruhusiwa, Gogol akauhamishia kwenye maduka ya Gostiny Dvor. Shostakovich alichofanya ni kuyaonyesha waziwazi. Miwani inatuchekesha na kutupitisha haraka. Kipigo kinatuacha na swali la nani ana mamlaka ya kuamua wewe ni bwana au ni kipande cha nyama. Na huwezi kuandika kelele ya umati kwenye karatasi ikaumiza kama inavyoumiza kwaya ikikuvamia. Mimi nisingekiondoa.

Waliofuata, nadhani, wamezidisha. Mwaka 2010 msanii William Kentridge wa Afrika Kusini alilijaza jukwaa la Metropolitan, jumba la opera la New York, vipande vya magazeti na picha za enzi ya Kisovieti. Kwa macho ni karamu, sibishi. Filamu ya katuni ya Mrusi Andrey Khrzhanovsky ya mwaka 2020 inakwenda mbali zaidi: Stalin mwenyewe anaingia. Hapo ndipo ninapochoka kidogo. Stalin akishaingia, mkosaji amepatikana, na mtazamaji anarudi nyumbani akiwa safi. Petersburg ya Gogol haina dikteta. Ina kinyozi anayekuta pua ndani ya mkate na kuogopa polisi, karani wa gazeti anayekataa tangazo lisije likaliharibia gazeti jina, na daktari anayekataa kuibandika pua kisha anaomba kuinunua.

Na yumo Kovalyov. Pua ikisharudi mahali pake, tarehe 7 Aprili, anatoka kutembea. Anamtazama kwa dharau mwanajeshi mmoja mwenye pua ndogo kama kifungo cha kizibao, halafu anaingia dukani kununua utepe wa nishani ambayo hajawahi kutunukiwa.