The Affair: penzi liliisha mapema, tamthilia ikaendelea

Tamthilia ya The Affair ya kituo cha Showtime cha Marekani ilianza kuonyeshwa Oktoba 2014 na kumalizika Novemba 2019: misimu mitano, sehemu 53. Januari 2015, ikiwa na msimu mmoja tu mkononi, ilinyakua tuzo ya Golden Globe ya tamthilia bora, na Ruth Wilson akachukua ile ya mwigizaji bora wa kike. Mwanzo kama huo hupatikana kwa nadra. Ndiyo maana kuporomoka kwake kunauma, na ndiyo maana inafaa kuangalia ni wapi hasa mambo yalipoharibika. Wengi husema ilirefushwa mno, au kwamba Wilson alipoondoka ndipo ilipokufa. Hayo yote yalitokea, lakini ufa ulikuwepo tangu mwishoni mwa msimu wa kwanza.

Kwa asiyeiona, kisa chenyewe ni hiki. Noah Solloway, anayeigizwa na Dominic West, ni mwalimu wa New York aliyechapisha riwaya moja isiyosomwa na watu wengi. Ana mke, Helen, na watoto wanne. Kiangazi kimoja wanakwenda kukaa kwa wakwe zake huko Montauk, ncha ya mashariki ya Long Island. Baba mkwe ni tajiri, na ni mwandishi maarufu, mambo mawili ambayo Noah anayataka na hana. Huko anakutana na Alison, anayeigizwa na Ruth Wilson, mhudumu wa mgahawa, mke wa Cole Lockhart. Alison na Cole walimpoteza mtoto wao wa kiume aliyezama, na tangu hapo ndoa yao inaenda kwa mazoea tu. Noah na Alison wanachepuka. Juu ya hayo yote kuna mpelelezi anayewahoji miaka kadhaa baadaye, kila mmoja peke yake, kuhusu kifo cha Scott, ndugu yake Cole.

Kila sehemu imegawanywa nusu mbili. Nusu moja ni kumbukumbu ya Noah, nyingine ya Alison, kila moja kama dakika 27. Tazama jinsi mpango huu unavyofanya kazi katika sehemu ya kwanza kabisa. Familia ya Noah inakula mgahawani, binti mdogo Stacey anapaliwa na gololi. Katika kumbukumbu ya Noah, yeye ndiye anayemwokoa mwanawe. Tunapofika nusu ya Alison, Alison ndiye anayemwokoa. Vivyo hivyo kwenye uchokozi wa mapenzi: Noah anamkumbuka Alison kama mwanamke mchangamfu aliyemtega, huku Alison akijikumbuka kama mtu aliyenyong'onyea, na Noah ndiye aliyemfuata. Kamera haituambii nani mwongo. Mtazamaji ndiye anayebaki na kazi ya kupima, na kwa sababu kuna mtu aliyekufa, kosa dogo la kumbukumbu linaweza kuwa ushahidi.

Ukiiangalia kwa jicho la mwandishi wa skripti, msimu ule ulikuwa na kila kiungo ambacho penzi la watu watatu linahitaji. Kila upande wa Noah una kitu ambacho upande wa pili hauna: Helen ana historia, watoto na fedha za wazazi wake, Alison ana huzuni ambayo Noah anadhani anaweza kuiponya. Kuondoka kuna gharama inayoonekana, maana nyumba yenyewe anayoishi Noah inasimama kwa msaada wa wakwe. Kuna saa inayohesabu, kwa kuwa kiangazi kitakwisha na familia itarudi mjini. Tena kuna siri, na kila sehemu siri hiyo inamsogelea mtu mwingine. Viungo vinne hivi vinategemeana. Ukitoa kimoja, vingine vitatu vinalegea.

Mwisho wa msimu wa kwanza vinatolewa vyote kwa pamoja. Helen anajua, Cole anajua, kiangazi kimeisha, na tunaonyeshwa Noah na Alison baadaye wakiishi pamoja na mtoto mchanga. Swali la nani atamchagua nani limejibiwa. Kilichobaki ni kesi ya Scott, na hiyo si hadithi ya mapenzi.

Watetezi wa tamthilia hii wana hoja nzito hapa, na haifai kuipuuza. Wanasema Sarah Treem na Hagai Levi, waliobuni tamthilia hii, hawakukusudia kutuuliza Noah atamchagua nani. Walitaka tuone uchaguzi ule unawafanya nini watu wote waliokuwa karibu naye, na hilo halimaliziki ndani ya miezi mitatu ya kiangazi. Talaka ina wanasheria, ina ratiba za watoto, ina mtoto wa kwanza anayemchukia baba yake. Ushahidi wao bora ni Helen. Msimu wa pili uliongeza mitazamo ya Helen na Cole, na Maura Tierney akapewa nafasi ya kumwigiza mwanamke anayejitahidi aonekane amesimama imara huku akibomoka, hadi anakamatwa na polisi akiwa amelewa usukani. Januari 2016 alipata Golden Globe kwa kazi hiyo, na aliistahili. Helen wa msimu wa kwanza, tuliyemwona kupitia macho ya mume anayetafuta kisingizio cha kuondoka, alikuwa mke mwenye kuridhika na kujiamini kupita kiasi. Tulipopewa macho yake mwenyewe tuligundua ni kiasi gani Noah alikuwa amemficha. Kwa mtu yeyote aliyewahi kusikia habari za ndoa iliyovunjika kutoka upande mmoja tu, nusu zile za Helen ni darasa.

Lakini angalia hesabu. Msimu wa kwanza una sehemu 10, yaani nusu 20, kumi za Noah na kumi za Alison. Msimu wa pili una sehemu 12, nusu 24, zinazogawanywa kwa watu wanne. Hata zikigawanywa sawa, kila mtu anapata sita. Pale ambapo tukio moja lilikumbukwa na watu wawili, sasa mara nyingi nusu moja inamfuata Noah kwenye mambo yake na nusu inayofuata inamfuata Cole kwenye mambo mengine kabisa. Hawakuwepo mahali pamoja, kwa hiyo hakuna cha kulinganisha. Jina la mhusika linatokea kwenye skrini, na mpango mzima umebaki jina hilo tu. Nguvu ya gololi ya Stacey ilitokana na kuiona mara mbili. Mtazamo unaoonyeshwa mara moja ni kamera ya kawaida, na tamthilia yoyote inayo.

Kesi ya Scott ilipofumbuliwa mwishoni mwa msimu wa pili, waandishi walirudi kwenye pembetatu ya mapenzi kwa usiku mmoja, na kwa usiku huo walikuwa hodari kweli. Cole anamuoa mke mwingine. Alison anamfungulia Noah moyo na kumwambia mtoto Joanie si wake, ni wa Cole. Scott anamshambulia Alison kando ya barabara, Alison anamsukuma, na gari linamgonga. Usukani umeshikwa na Helen. Noah yupo ndani ya gari, na baadaye mahakamani ndiye anayekubali kosa. Mke wa zamani, mke mpya, na mwanamume aliyewaumiza wote wawili wanafungwa na kifo kimoja. Kila mmoja ana sehemu yake ya lawama, na Noah, ambaye kwa sehemu 22 amekuwa akipokea bila kutoa, kwa mara ya kwanza anatoa. Mlalamikaji anaweza kusema Scott hakuwahi kujengwa vya kutosha tukamlilia, na ni kweli. Hata hivyo, kwa maoni ya mchambuzi huyu, hapo ndipo tamthilia ilipaswa kushusha pazia.

Msimu wa tatu ndio uliovunja imani ya mtazamaji, na sababu yake ni ya kiufundi zaidi kuliko watu wanavyodhani. Unaanza miaka mitatu baadaye. Noah ametoka gerezani, anafundisha chuo, anapata uhusiano mpya na profesa Mfaransa, Juliette. Mtu anamchoma kisu shingoni, na sehemu baada ya sehemu tunamshuku askari magereza aliyekuwa akimtesa, ambaye ameigizwa na Brendan Fraser. Jibu linapokuja, Noah alijichoma mwenyewe. Sasa linganisha na mkataba wa msimu wa kwanza. Kule kamera ilidanganya kama kumbukumbu zinavyodanganya: mtu anajipendelea, anajivisha ushujaa, anasahau neno lake baya. Mtazamaji alijua kiasi cha kupunguza. Mara kamera inapoanza kuonyesha vitu ambavyo havikuwepo kabisa, mtazamaji anapoteza mizani. Hawezi tena kujiuliza ni nani anayekumbuka vizuri, kwa kuwa lolote linawezekana, na pasipo mipaka hakuna cha kupima. Kosa hili halina uhusiano na bajeti wala uigizaji. West aliigiza kwa bidii msimu wote.

Msimu wa nne unawapa watetezi silaha yao ya mwisho, sehemu ya tisa. Nusu zote mbili ni za Alison, usiku mmoja, nyumba moja, mwanamume mmoja, Ben. Katika nusu ya kwanza mazungumzo ni ya upole na yanaacha uchungu wa kawaida wa mapenzi. Katika nusu ya pili Ben anamuua. Hapa tukio moja linarudiwa tena, na mgongano uko ndani ya mtu mmoja, kati ya alivyotamani iwe na ilivyokuwa. Ni dakika bora kabisa katika tamthilia nzima, na Wilson aliibeba karibu peke yake. Mwenye kusema kwamba baada ya msimu wa pili hapakuwa na cha kutazama anakosea.

Pamoja na hayo, muuaji ni mtu tuliyemfahamu msimu huohuo. Huzuni ya Alison, iliyotokana na mtoto aliyezama, ndiyo iliyomsukuma kwa Noah, na ndiyo iliyobeba hadithi hii tangu siku ya kwanza. Kifo chake hakikutokana na Noah, wala Cole, wala Helen. Kilitoka nje ya pembetatu, kikaletwa na mgeni. Mtazamaji aliyekaa misimu minne akingoja kujua mapenzi yale yatamgharimu nini Alison alipewa jibu la swali jingine. Hapo ndipo hasira ya wengi inapotoka, na ni hasira ya haki.

Baada ya msimu huo Wilson na Joshua Jackson, aliyeigiza Cole, hawakuwepo tena. Msimu wa tano ulimleta Joanie akiwa mtu mzima, akiigizwa na Anna Paquin, miaka mingi mbele, bahari ikiwa inaimega Montauk. Upande wa pili Noah na Helen wanarudiana. Wapo waliofurahi kuona ndoa ya kwanza ikishinda. Tatizo ni kwamba imeshinda pasipo mpinzani. Alison hawezi kujibu, Cole hayupo kupinga, na mitazamo miwili kati ya minne imetoweka, kwa hiyo msamaha wa Helen kwa Noah haupimwi na kumbukumbu ya mtu aliyeumizwa upande wa pili. Joanie anajaribu kuibeba kazi hiyo, ila yeye hana kumbukumbu za kiangazi kile. Ana maswali tu.

Kwa waandishi wa Dar es Salaam na Nairobi wanaoandikia vituo tamthilia za kila wiki au kila siku, mengi ya haya yanawahusu moja kwa moja, kwa sababu mke, mume na mchepuko ndio mtaji wa kila kituo, na tamthilia ikipendwa amri ya kwanza ni kuongeza sehemu. Kabla ya kukubali, chukua karatasi uchore jedwali: safu wima ziwe wahusika, mistari iwe siri, na katika kila kisanduku andika namba ya sehemu ambayo mhusika huyo ataijua siri hiyo. Kwa msimu wa sehemu 26, ikiwa visanduku vyote vimejaa kufikia sehemu ya 13, nusu nzima ya msimu haina penzi la watatu, hata kama wahusika wote watatu bado wapo kwenye skrini. Hapo kuna njia mbili tu. Ya kwanza ni kuzaa siri mpya kutoka kwa walewale watatu, kama The Affair ilivyofanya kwa Joanie: mtoto amelelewa kama wa Noah, kumbe baba ni Cole, na siri hiyo inamfunga kila mtu upya bila kuhitaji mgeni. Ya pili ni kufunga hadithi. Njia ambayo huonekana rahisi, ya kumleta mwanamume wa nne au mwanamke wa tano, kutumbukiza mauaji au kuhamishia kisa mji mwingine, inaongeza dakika lakini haijazi kisanduku hata kimoja.

Kama unatumia mitazamo miwili, pima jambo moja zaidi unapokagua skripti. Katika kila sehemu tafuta tukio moja ambalo wahusika wote wawili walikuwepo, na ambalo kila mmoja ana sababu ya kulikumbuka kwa kujipendelea. Likikosekana katika sehemu tatu mfululizo, ondoa mpango wa mitazamo, simulia kisa moja kwa moja. Tukio hilo halilazimiki kuwa kubwa. Mlango uliofunguliwa na nani, pesa iliyotolewa na nani, nani alitangulia kupiga simu usiku ule: vitu vya namna hiyo vinatosha, ilimradi mtazamaji avione mara mbili.