Ile Video Sikuiweka Mimi

Naomba nianze na jambo ambalo limeninyima raha tangu juzi usiku. Ile video mliyoiona kwenye ukurasa wangu, ambayo ndani yake mtu mzima amepiga magoti chini ya meza, paji la uso limegusa sakafu na makalio yameelekea dari, huku akisema kwa sauti ya kubembeleza "jitokeze basi, kwani nimekukosea nini", sikuiweka mimi. Iliwekwa na rafiki yangu, ambaye kwa leo nitamwita Shahidi, akitumia simu yangu mwenyewe, niliyomkabidhi ili animulikie tochi. Maelezo aliyoyaandika chini yake, kwamba nilikuwa nikiiomba kompyuta msamaha, ni uongo mtupu. Nilikuwa nikizungumza na betri.

Wengi wenu mnaifahamu kompyuta yangu kuliko mnavyonifahamu mimi, kwa hiyo sitawachosha. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ni Core i7-8700K, ile ya mwaka 2017 yenye viini 6 vya kufanyia hesabu, ambayo kutoka kiwandani hufikia gigahezi 4.7 kiini kimoja kinapofanya kazi peke yake na 4.3 vyote vinapofanya kazi pamoja. Ile herufi K mwishoni maana yake ni kwamba kizidishi, yaani namba inayozidishwa na saa ya msingi ili kupata kasi, hakijafungwa, nami ni mtu ambaye akiambiwa kwamba kitu hakijafungwa hapati usingizi mpaka akiguse. Nilikipandisha hadi 50, na kwa kuwa saa ya msingi ni megahezi 100, nikapata gigahezi 5.0 kamili, namba ambayo mnakumbuka jinsi nilivyoitangaza humu. (Wale mliohifadhi tangazo lile, nawaomba mlifute.)

Tatizo lilianzia kwenye volteji. Ubao mama, yaani ule unaobeba prosesa na kuigawia umeme, ukiachiwa ujipangie wenyewe una tabia ya kuwa mkarimu kupita kiasi, na wa kwangu ulikuwa ukiimiminia prosesa zaidi ya volti 1.4, jambo ambalo kwa kipoza joto cha feni moja ni uchokozi. Joto halipandi sambamba na volteji, bali hupanda kwa mraba wake, kiasi kwamba ukiongeza volteji kwa asilimia 10 bila kugusa kasi, umeongeza nguvu inayoliwa kwa takribani asilimia 21. Kwa hiyo nikaweka ofseti hasi ya volti 0.080, yaani chochote ambacho ubao ulitaka kutoa, utoe pungufu ya hapo. Joto likashuka, majaribio ya Prime95, programu ya kuichosha prosesa kwa hesabu nzito, yakapita, nikajiona fundi.

Jambo ambalo sikulitangaza ni kwamba mashine hiyo hiyo, iliyostahimili Prime95 usiku kucha, ilikuwa ikizimika nikiwa sifanyi chochote. Ningekuwa nimefungua ukurasa mtupu wa kuandikia barua, nikifikiria neno la kwanza, mara skrini inageuka buluu. Nilijiambia kwamba ni programu fulani yenye hitilafu, kisha kwamba ni sasisho, kisha kwamba ni umeme, na orodha ilikuwa bado ndefu wakati Shahidi alipokuja kuhakikisha kwa macho yake ile gigahezi 5.0, kwa sababu alikuwa ameshawaambia watu kwamba naongopa.

Sasa tulieni, maana hapa ndipo panapouma.

Shahidi aliketi kwenye kiti changu, mimi nikasimama nyuma yake kama mwalimu wa zamu. Nilianzisha Prime95, nikafungua pembeni HWiNFO, programu inayoonyesha kasi na joto, ili aone viini vyote 6 vikiwa gigahezi 5.0 bila kutetereka, na joto likipanda hadi nyuzi 88 na kutulia hapo. Feni ilinguruma. Nilimweleza habari ya volteji, nikamweleza habari ya mraba, nikamweleza kwamba watu wengi huharibu mambo kwa kukosa subira, na nakumbuka vizuri kwamba nilitumia maneno "sisi tuliokomaa katika mambo haya". Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Haya bwana, nimekubali." Ningeiacha programu iendelee, leo ningekuwa mtu mwenye heshima zake. Lakini nilitaka kulifunga jambo kwa madaha, nikanyoosha mkono juu ya bega lake, nikashika kipanya, nikakipeleka polepole hadi kwenye kitufe cha kusimamisha jaribio, nikamtazama usoni, nikabonyeza.

Feni ikaanza kushusha sauti. Joto likatoka 88, likawa 70, likawa 52. Kasi ikashuka hadi megahezi 800, kama inavyopaswa prosesa inapopumzika. Nikafungua kinywa kusema "umeona?" na nilipofika kwenye herufi ya kwanza, mshale wa kipanya uliganda, sauti ya spika ikatoa mkoromo mmoja mrefu, na skrini yote ikawa buluu, ikiwa na ule uso wa huzuni na chini yake CLOCK_WATCHDOG_TIMEOUT, ambayo kila aliyewahi kuisukuma prosesa kupita kasi ya kiwandani anaijua kuwa mara nyingi ni kilio cha volteji pungufu. Punda alikuwa amebeba magunia mlima mzima, akafia pale alipotuliwa mzigo.

Shahidi aligeuka taratibu. "Sasa hii nayo ni sehemu ya onyesho?"

Mtu mwenye akili angeketi na kutafakari kwa nini mashine inakufa ikiwa imepumzika, na angekumbuka kwamba ofseti hasi haichagui: inapunguza volti 0.080 juu kwenye gigahezi 5.0, ambako kuna akiba, na inapunguza kiasi kile kile chini kwenye megahezi 800, ambako prosesa ilikuwa ikijikimu kwa karibu volti 0.7 tu. Mimi, nikiwa na mtazamaji nyuma ya shingo, niliingia kwenye BIOS, ile menyu ya mipangilio ya ubao mama, na kupandisha mpangilio wa lodi-laini hadi ngazi ya mwisho. Mpangilio huo kazi yake ni kuzuia volteji isizame wakati mzigo unapoingia. Kwenye mashine iliyopumzika hauna msaada wowote wa maana. Yaani mgonjwa alikuwa analalamika tumbo, nami nikamfunga bendeji ya goti, tena mbele ya hadhara.

Matokeo yake yalikuwa kwamba chini ya mzigo volteji ilipanda kuliko ilivyowahi kupanda, joto likagonga nyuzi 100, ambacho ndicho kikomo cha prosesa hii, nayo ikaanza kujipunguzia kasi ili isijidhuru. Shahidi, ambaye hajui chochote kuhusu volteji lakini anajua kusoma namba, aliinama karibu na skrini, akauliza kwa adabu kubwa: "Ulisema kiwandani inakwenda ngapi ikitumia viini vyote?" Nikamjibu, 4.3. Akaweka kidole chini ya namba iliyokuwa inaonekana. Ilikuwa 4.1. Nilikuwa nimetumia ujuzi wangu wote kuifanya kompyuta iwe ya polepole kuliko ilivyotoka dukani. Kisha nikasimamisha jaribio ili ipoe, na ikafa tena papo hapo, buluu ile ile.

Hapo nilipandwa na hasira, na kwa kuwa joto ndilo lililoniumbua, nikaikandamiza ofseti hasi hadi 0.180. Nilipohifadhi na kuiwasha upya, feni zilizunguka, taa ziliwaka, na skrini ikabaki nyeusi. Nilizima, nikawasha. Nyeusi. Kwa kawaida ubao huu ukishindwa kuwaka mara kadhaa hurudi wenyewe kwenye mipangilio salama, ila siku hiyo nadhani na wenyewe ulitaka kuona mwisho wake.

Pini mbili za kufutia mipangilio zimejificha chini ya kadi ya picha, ambayo sikuwa na moyo wa kuing'oa mbele ya mgeni, hivyo nikachomoa waya wa umeme na kuamua kutoa ile betri ya duara, CR2032, ambayo ndiyo inayohifadhi mipangilio. Nilimpa Shahidi simu animulikie. Nikapenyeza ncha ya bisibisi pembeni mwa betri, nikabinua, nikasikia "tik", na betri ikatoweka. Haikuanguka mahali nilipoweza kupaona, haikuwepo tena. Nikaweka bisibisi juu ya kasha la kompyuta, nikatazama ndani ya feni, nikatazama chini ya kadi, kisha nikashuka sakafuni, na kuanzia hapo mnayo video.

Ambacho video haionyeshi, kwa kuwa mpiga picha alihakikisha hakionekani, ni kwamba bisibisi yangu ina ncha ya sumaku, kwamba ganda la betri hizo ni la chuma kinachonaswa na sumaku, na kwamba muda wote niliokuwa nikiibembeleza sakafu, betri ilikuwa imeng'ang'ania ncha ya bisibisi, juu ya kasha, mkono mmoja kutoka pua ya Shahidi. Alikuwa ameiona tangu ilipong'oka. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, alijibu kwamba hakutaka kumkatiza mtu anapozungumza.

Mengine ni mafupi. Betri ilirudi, picha ikarudi, ofseti nikaifuta kabisa, lodi-laini nikaiweka katikati, kizidishi 48, volti 1.28 chini ya mzigo, na tangu hapo haijazimika, ikifanya kazi au ikilala. Kwa kuwa saa ya kompyuta nayo ilikuwa imefutika na tarehe kurudi miaka kadhaa nyuma, kivinjari kilikataa kufungua tovuti karibu zote kikidai vyeti vyake vya usalama havijaanza kutumika, na nilipogundua sababu na kurekebisha tarehe, Shahidi alikuwa ameshaniachia simu mezani, ameaga, na video ilikuwa imewafikia hadi shangazi zangu.

Jana ameniandikia akiomba nimsaidie kuisukuma kompyuta yake kidogo. Nimemwambia aje nayo, na bisibisi atashika yeye.